Hedifoni ya Gita la Mzee Mshindo

Wenzangu mnaobaki nyuma ya kaunta, siku ile ya soda na keki za kuniaga mliniomba niseme maneno mawili. Nikasema "asanteni" na "jamani", yakatimia mawili. Haya mengine nimeyaandika nyumbani, miguu nimeinyoosha juu ya stuli. Kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kuinyoosha hivyo, maana stuli ya dukani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Mangi.

Sitawasimulia nilivyopanda cheo. Duka letu la hedifoni lina vyeo viwili: mwenye duka, na sisi wengine. Nitawasimulia nilivyoanza, aliyenifundisha, na mteja mmoja aliyenitoa jasho kuliko wateja wote. Najua iko siku mtu wa namna yake atawaingilia mlangoni, na mimi sitakuwepo wa kusingiziwa.

Nilitokea kwa shangazi yangu, Mtaa wa Kongo, tulikokuwa tukiuza kanga. Habari za masikio nilizojua ni za kuyatoboa na kuyavika hereni. Mzee Ngowi, ambaye kila mtu alimwita Mangi kama wanavyoitwa wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro, alinichukua kwa sababu alinisikia nikibishana na mteja bila kumtukana. Asubuhi ya kwanza akanivika hedifoni kubwa, akaweka muziki, halafu akaniuliza kitu. Niliona midomo yake tu ikicheza. Nikadhani ameuliza kama nimekunywa chai.

"BADO! NASIKIA NJAA!" nikamjibu.

Mtaa mzima wa Aggrey uligeuka. Muuza mihogo wa kona alikuja mbio na sahani na pilipili juu, akidhani nimeagiza. Mangi akanivua ile hedifoni taratibu.

"Nilikuuliza sauti inasikikaje," akasema. "Aisee, sasa kula hiyo mihogo, umeshafika."

Hivyo ndivyo nilivyopokewa kazini.

Mangi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na kopo la siagi lililojaa adapta za pini za kila aina, kitambaa cha pamba cha kufutia vumbi, na sikio la kushoto. La kulia alisema liliharibiwa na honi za mabasi, kwa hiyo wateja wasumbufu aliwaweka upande huo. Kabla ya kugusa rafu alikuwa akimwuliza mteja mambo matatu: unaitumia kwa kazi gani, unaitumia wapi, na jirani yako ni nani. Mimi hilo swali la tatu nililiona la umbea, nikawa naliruka.

Vijana walikuja wakiniita sista. "Sista, hii inagonga?" Maana yake besi iwe nzito mpaka meno yacheze. Niliwapa inayogonga, wakaondoka wakitikisa vichwa. Miaka ikapita, nikawa dada, nikawa mama, na kuna mmoja mwaka jana aliniita bibi nikamwambia bidhaa hiyo imekwisha. Nilijiona fundi kabisa. Ndipo alipokuja Mzee Mshindo.

Aliingia asubuhi, kabla mtaa haujachemka. Shati jeupe la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni, daftari gumu kwapani.

"Shikamoo kaka," nikamwamkia.

"Marahaba, dada yangu. Mimi Mshindo, karani wa bandarini. Kazi yangu ni kuhesabu makontena yanayoshuka."

"Mimi Mwanaidi. Kazi yangu ni kuhesabu wanaouliza bei wakaondoka."

Hakucheka. Alifungua daftari akasoma mahitaji yake kama anayesoma orodha ya mzigo. Hedifoni moja. Ya kujifunzia gita la umeme. Bei isipite gunia moja la mkaa.

Nikamwuliza, kwa kuchokoza tu, mtu wa makamo yake gita la umeme la nini. Akafunga daftari, akanieleza.

Alikuwa mjane mwenye mabinti wawili. Siku ya harusi ya yule mkubwa alisimama atoe nasaha, akashika kipaza sauti, akasema "Mwanangu," kisha akalia. Hakulia machozi ya heshima yale ya kufutwa kwa leso. Alilia mpaka mshereheshaji akampokonya kipaza sauti na kuweka muziki, na kwenye video ya harusi sehemu ile iliwekwa maua. Sasa Rehema, yule mdogo, alikuwa anaolewa baada ya wiki saba. Mzee Mshindo alikuwa amemwahidi kwamba safari hii hatatoa nasaha. Atapiga wimbo, alioutunga mwenyewe.

"Mdomo wangu nimeshindwa kuuamini," akaniambia. "Vidole bado naviamini."

Shida ilikuwa nyumba. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Gerezani kwa miaka kumi na tisa, nyumba ya Bi Tatu, yenye vyumba huku na huku na ukumbi mrefu katikati. Nje ya dirisha lake mafundi wanagonga bodi za magari tangu asubuhi hadi magharibi. Bila amplifaya hasikii hata anachokipiga. Akiwasha amplifaya, wanasikia wapangaji wote, na wapangaji wote walikuwa wamekwishakwenda kushitaki. Bi Tatu alimpa siku: mwezi ukiandama, ama gita litoke ama litoke pamoja na yeye.

"Hilo dogo sana," nikamwambia. Enyi wenzangu, msiseme maneno hayo kwenye kaunta hata siku moja.

Nilimpa nyekundu, kubwa, ile inayogonga kuliko zote. Saa tatu baadaye alirudi: pini yake ilikuwa nyembamba, tundu la amplifaya yake pana, ikawa inacheza mle ndani kama kijiti cha kiberiti kwenye chupa. Nikampa adapta kutoka kopo la siagi, akashukuru, akaenda. Kesho kutwa yake nikamwona tena, na daftari limefunguliwa.

"Taarifa ya kupokea mzigo," akasoma. "Mzigo: hedifoni nyekundu. Hali ya nje: nzuri. Dosari: gita linasikika kama lori la kontena linalopanda mlima. Uzi mnene unanguruma, uzi mwembamba haupo. Nilidhani umekatika. Niliuangalia, upo."

Basi nikajifunza kwamba kinachomfaa kijana anayetembea na muziki uliokwisha kutengenezwa hakimfai mtu anayeutengeneza. Besi iliyoongezwa kiwandani humeza kila kitu. Anayejifunza anataka asikie alichopiga, hata kama alichopiga ni kosa.

Hilo nililielewa. La pili sikulielewa. Nikampa isiyo na waya, pamoja na kile kidude cha kurusha sauti kinachochomekwa kwenye amplifaya. Ilikuwa nzuri, nyepesi, na niliiuza kwa maringo. Safari hii alikaa siku nne, akarudi macho mekundu.

"Dada Mwanaidi," akasema, "humu ndani kuna mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Anayepiga gita. Mimi nikipiga, naye anapiga, ila baada yangu. Nilipunguza mwendo nimsubiri anifikie. Naye akapunguza. Nikasimama ghafla nimkamate. Akapiga noti moja peke yake, akasimama."

Nikaivaa mwenyewe, nikaiunganisha na simu yangu, nikamwomba apige meza kwa kalamu karibu na kipaza sauti cha simu. Kalamu iligonga, ikakaa kidogo kama inafikiria, ndipo nikaisikia. Kwa mtu anayesikiliza taarabu akipika, ucheleweshaji huo hauna neno. Kwa mpiga gita ni kuchanganyikiwa. Mle daftarini alikuwa ameandika: "Napiga leo, nasikia kesho."

Ya tatu ilikuwa ya waya, haikuwa na besi ya fujo, nyuzi zote sita zilisikika zimepangwa kama wanafunzi gwarideni. Nikasema Alhamdulillahi. Lakini ilikuwa ya ile aina yenye migongo ya matundumatundu, inayoacha sauti ipumue. Ikapumua mpaka chumba cha pili. Bi Tatu alimgongea mlango.

"Mshindo, chumbani kwako mna mbu anapiga gita."

Siku zilizobaki kabla ya mwezi kuandama zilikuwa tisa. Mzee Mshindo alisimama mbele ya kaunta akiwa ameikumbatia hedifoni ya tatu, na kwa mara ya kwanza hakufungua daftari. Akasema tu, kwa sauti ndogo, labda amwuzie mtu lile gita, harusini akae kimya kama baba wengine.

Mangi alikuwa kwenye stuli yake, mgongo umetuelekea, akipanga betri. Akageuza sikio la kushoto.

"Mwanaidi," akasema, "umempa huyu mzee hedifoni tatu. Gita lenyewe umeliona?"

"Sijaliona."

"Unamvalisha mtu kiatu, mguu uko Gerezani? Mzee, kesho njoo nalo. Na amplifaya. Na hiyo kelele yote."

Kesho yake alishuka kwenye basi la mwendokasi na gita ndani ya gunia la mchele, amplifaya kwenye kikapu cha sokoni. Tukamweka kwenye stuli ya Mangi. Naomba muelewe uzito wa jambo hilo. Nilifanya kazi pale robo karne, sikuwahi kuikalia.

Ndipo nikayaona ambayo kaunta haikunionyesha. Kwanza, Mzee Mshindo hapigi gita akiwa ametulia. Akifika sehemu tamu hutikisa kichwa kama anayefukuza nzi, na hedifoni mbili zilizolegea ziliruka, moja ikatua kwenye beseni la mteja aliyekuwa amebeba dagaa. Pili, akisisimka husimama, hurudi nyuma hatua mbili, na waya mfupi ulivuta amplifaya mpaka ukingoni mwa meza, nikaidaka kwa tumbo. Tatu, sponji za plastiki zilimpika masikio. Baada ya robo saa yalikuwa mekundu, yamevimba pembeni kama chapati.

Tukaanza kuzipunguza hedifoni moja moja. Apige uzi mnene peke yake, apige mwembamba, apige yote kwa pamoja. Isiyomwonyesha tofauti, rudisha rafuni. Atikise kichwa, iliyoanguka, rudisha. Asimame, arudi nyuma. Kisha likaja jaribio la uvujaji wa sauti, ambalo Mangi alilifanya mwenyewe: alisogeza sikio lake la kushoto hadi likagusana na hedifoni ya Mzee Mshindo, shavu kwa shavu, wote wawili wamefumba macho. Watu wakajaa mlangoni. Mama mmoja akauliza kama ni wachumba.

"Hii inavuja," akasema Mangi, hajafumbua. "Lete nyingine."

Zikaisha zote za chini. Nikapanda ngazi hadi rafu ya juu, kule tunakoweka bidhaa tulizokosea kununua, nikashusha boksi moja lenye vumbi la miaka. Ilikuwa nyeusi, nzito, mbaya ya sura. Waya wake ulijisokota kama wa simu za mezani za zamani. Ukiuvuta unarefuka, ukiuachia unarudi. Nadhani ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa studio. Hakuna kijana aliyewahi kuitazama mara mbili, maana ukiivaa barabarani unafanana na mtu anayeongoza ndege.

Mzee Mshindo akaivaa. Ilimbana vizuri. Migongo yake ilikuwa imezibwa, sponji zake za kitambaa. Akapiga uzi mmoja mmoja. Akatikisa kichwa, haikutoka. Akasimama akarudi nyuma hadi mlangoni, waya ukamfuata kama mbuzi mpole. Mangi akasogeza shavu, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Hapa kimya kama benki."

Na bei yake haikufika hilo gunia la mkaa. Vitu vibaya vya sura mara nyingi haviji na bei ya sura.

Mzee Mshindo akafungua daftari pale pale, akaandika, akanionyesha. "Dosari: hakuna." Nilijisikia kama nimepewa digrii.

Siku tano zilipita kwa amani. Siku ya sita dukani akaingia mwanamke mfupi wa makamo ya mama yangu, amejifunga kanga mbili, ameshika fimbo asiyoihitaji kwa kutembelea.

"Ni wewe uliyemuuzia Mshindo yale masikio?"

"Shikamoo mama. Ndimi. Kuna kelele?"

"Marahaba. Mie naitwa Tatu. Nimezaliwa Gerezani. Nimelala na treni, nimeamka na mafundi, nimeishi na jogoo wa jirani yangu Hamida asiyejua saa. Sijawahi kwenda kumshitakia mtu dukani. Leo nimekuja."

"Lakini gita halisikiki, mama."

"Ndiyo balaa lenyewe! Gita halisikiki. Anasikika yeye!"

Sikuelewa. Bi Tatu akanishika mkono, akamwambia Mangi ananiazima, tukaenda kwa miguu hadi Gerezani. Ukumbini kwake walikuwa wamesimama wapangaji wanane, mmoja na mwiko mkononi, wote wameelekea mlango mmoja. Kutoka nyuma ya mlango huo kulitoka sauti ya mwanadamu. Nasema ya mwanadamu kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa ni nani. Ilikuwa inapanda mahali pasipo na ngazi, inateleza, inajishikilia, inaanza tena. Ilikuwa kama mbuzi aliyeulizwa swali la hesabu.

"Zamani gita lilikuwa linamfunika," akaninong'oneza Bi Tatu. "Umechukua kitambaa, umetuachia kidonda."

Nikakumbuka muuza mihogo na sahani yake. Aliyevaa hedifoni hajui ametoa sauti kiasi gani. Mimi wa kwanza kulijua hilo, na mimi niliyesahau kumwambia mteja.

Tulibisha hodi mpaka tukachoka, hasikii. Bi Tatu akasukuma mlango. Mzee Mshindo alikuwa amekaa kitandani, macho amefumba, hedifoni kichwani, shingo imenyooka, anaimba kwa moyo wake wote. Alipofumbua na kuona kichwa changu, cha Bi Tatu, na vingine vinane mlangoni, akatabasamu.

"Karibuni! Nawasumbua?"

"Kaka," nikamwambia, "je, unajua kwamba unaimba?"

"Mimi? Naimba moyoni."

Wapangaji wakatazamana. Nikamwambia asogeze hedifoni, sikio moja lifunikwe, la pili liwe wazi, kisha aanze tena. Akaanza. Alifika mstari wa pili, akanyamaza ghafla, akatazama dirishani kama kuna mtu amepita.

"Nani huyo?"

"Ni wewe," akasema Bi Tatu.

Akaimba neno moja tena, polepole, kama anayemnyatia mwizi. Akalisikia. Akaivua hedifoni yote, akaiweka mapajani.

"Miaka yote hii," akasema, "mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua."

Nimeuza bidhaa nyingi mbovu bila kukusudia, lakini siku ile niliona uchungu wa kuuza nzuri. Mzee wa watu alikunjua gunia la mchele, akaanza kulirudisha gita ndani. Akasema basi, hakuna wimbo, atasimama atoe nasaha kama mwanzo. Wote pale ukumbini walikuwa wamealikwa kwenye ile harusi ya kwanza, na wote walikumbuka yale maua kwenye video.

Bi Tatu akanyoosha mkono. "Hayo maneno yako wapi?"

"Maneno gani?"

"Ya wimbo. Ama umeyatunga nayo moyoni?"

Akampa daftari. Bi Tatu akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, hakuwa na miwani. Nikamsomea mimi, mistari minne tu:

*Rehema wangu Rehema,*
*uliyelala begani,*
*leo watoka salama,*
*baba yupo mlangoni.*

Yule mwenye mwiko akajifuta jicho kwa mwiko, akajipaka mchuzi. Bi Tatu akageukia ukutani, akakohoa, akaimba ile mistari minne kama alivyoijua kwa siku tano za kuisikia imevunjwavunjwa, ila yeye akaiunga. Sikujua kwamba ujanani alikuwa akiimba harusini, yeye na kikundi chao cha wanawake, mpaka alipofiwa na mumewe akaacha. Wapangaji nao hawakujua. Mafundi wawili wa nje waliacha kugonga.

Alipomaliza akamgeukia Mzee Mshindo kwa ukali ule ule wa mwenye nyumba.

"Wewe piga. Kuimba niachie mimi. Na ukifungua mdomo tena, mwezi hautasubiri kuandama, utahama leo."

Kazi yangu ikawa nyepesi. Nikaenda dukani, nikachukua kiwaya kifupi chenye matundu mawili, pini moja upande wa pili, ili watu wawili wasikilize amplifaya moja. Mangi akatoa hedifoni ya pili kwa mkopo wa kirafiki. Bi Tatu aliivaa juu ya mtandio, na nikamwonya aache sikio moja wazi ili ajisikie. Akaniambia yeye hajawahi kuhitaji kujisikia, lakini akaliacha wazi. Tangu hapo, kila baada ya sala ya alasiri, wapangaji walisikia Bi Tatu akiimba peke yake chumbani kwa Mshindo, bila ala yoyote, na kila mara katikati ya wimbo akifoka, "Tena! Umechelewa!" kwa mtu asiyetoa sauti. Majirani wapya walishuku mambo ya majini.

Mwezi uliandama, hakuhamishwa mtu.

Harusi ilifanyika mchana, kwenye ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja, uliokodishwa hadi saa kumi na mbili jioni. Baada yetu kulikuwa na harusi ya watu wengine. Mimi na Mangi tulialikwa, tukakaa meza ya nyuma pamoja na wajomba wa bwana harusi. Wakati ulipofika, mshereheshaji akatangaza kwamba baba wa bibi harusi ana zawadi. Rehema, kwenye gauni lake jeupe, akaanza kufungua pochi kutafuta leso. Alikuwa amejiandaa kwa kilio.

Mzee Mshindo akakaa kwenye kiti, gita mapajani, amplifaya pembeni. Bi Tatu akasimama kulia kwake, amevaa dera la kijani na dhahabu yake yote. Na Mzee Mshindo, kwa mazoea ya mikono, akatoa hedifoni nyeusi kwenye kikapu, akaivaa, akachomeka pini.

Nikasema, "Mungu wangu."

Amplifaya ndogo kama ile, ukichomeka hedifoni, spika yake inajizima. Nyumbani ndiyo faida yake. Bi Tatu alianza kuimba, na Mzee Mshindo akapiga. Alipiga kweli: alitikisa kichwa, alisimama, alirudi nyuma, vidole vikikimbia huku na huku. Ukumbi wote ulisikia Bi Tatu na ukucha ukikwaruza nyuzi. Watu wakadhani ni mchezo wa kuigiza. Mjomba mmoja wa bwana harusi akamwinamia Mangi, kwa bahati mbaya upande wa kulia, akauliza, "Huyu mzee ana nini?" Mangi akamjibu, "Asante, nimeshakula."

Bi Tatu naye akagundua kuna kitu, maana safari hii masikio yake yote mawili yalikuwa wazi na hayakusikia gita. Akawa anaimba huku ananikodolea macho. Nilivua viatu, nikapita katikati ya meza kwa kunyatia, nikajifanya napiga picha. Mzee Mshindo amefumba macho. Nikaishika ile pini, nikaichomoa.

Sikuwa nimefikiria sauti ameiweka kiasi gani. Gita lilitoka ndani ya ile amplifaya kama maji kwenye bomba lililopasuka. Mjomba akamwaga pilau mapajani. Mtoto mmoja akapiga makofi. Mzee Mshindo alifumbua macho, akaruka, akaniona nimeshika waya wake kama nyoka, na kwa nukta moja nilidhani ataacha.

"Tena!" Bi Tatu akafoka kwenye kipaza sauti. "Umechelewa!"

Vidole vikamtii kabla yeye hajajua. Nikapunguza sauti, nikajificha nyuma ya kiti. Wakaanza upya, mistari minne, halafu mistari minne tena, gita na sauti pamoja kwa mara ya kwanza hadharani. Alikosea mara tatu kwa hesabu yangu. Rehema hakuitumia leso. Aliishika tu mkononi, mdomo wazi. Wimbo ulipoisha akasema, "Baba, rudia." Wakarudia. Shangazi zake wakasema warudie. Tulikuwa kwenye mara ya tano, watu wamesimama, wakati saa kumi na mbili ilipotimia na mlinzi wa ukumbi, kama alivyoagizwa, akazima umeme.

Amplifaya ikafa. Kipaza sauti kikafa, feni zikapunguza mwendo zikasimama. Mzee Mshindo hakuacha. Gita la umeme bila umeme ni kisauti chembamba tu, cha kusikika na aliye karibu, basi watu wakawa karibu. Viti vikaburutwa. Bi Tatu akashusha sauti hadi ikalingana na gita. Bibi harusi akakaa sakafuni na gauni lake, karibu na goti la baba yake. Wageni wa harusi iliyofuata walikuwa wameanza kuingia na maua yao, nao wakasimama kando ya mlango, wakiulizana kwa kunong'ona.

Mlinzi alikuja na mashada ya funguo kututoa. Akapenya mpaka mbele, akamwona mzee mwenye hedifoni shingoni ameinamia nyuzi. Mzee Mshindo akainua macho, akaanza kusimama.

"Samahani mwanangu. Tunatoka."

Mlinzi akazishika funguo zake kwa mikono miwili zisilie, akachuchumaa.

"Endelea tu mzee," akasema. "Mimi nimeambiwa nizime umeme."